Katanga na Neno la Laana

Liko neno moja lililozoewa mno katika vyuo vyetu, na mazoea yamelifanya lisiulizwe maana. Neno hilo ni laana. Mwanafunzi akiulizwa kwa nini nchi ya Kongo, yenye shaba, kobalti, almasi na dhahabu, na yenye mto usio na kifani katika bara hili kwa wingi wa maji yake, ina watu wasio na taa wala dawa, hujibu upesi kwamba ni laana ya maliasili. Na mwalimu wake, aliyefundishwa vivyo hivyo zamani zake, humpa alama zote. Nakusudia katika kurasa hizi kulishitaki neno hilo. Shitaka langu ni kwamba limewekwa mahali pa hoja ili hoja isitafutwe, na kwamba nyuma yake wamejificha watu wenye majina na hati zenye tarehe.

Ni haki kuwasikiliza kwanza wanaolitumia. Mwaka wa 1993 mtaalamu wa uchumi Richard Auty alilitia katika jina la kitabu chake. Miaka miwili baadaye Jeffrey Sachs na Andrew Warner walilinganisha nchi nyingi, wakaona kwamba zile zilizotegemea kuuza mali ghafi zilikua polepole kuliko zisizokuwa nayo. Wataalamu hawa hawakuwa wapiga ramli. Walifuatwa na wengine walioeleza sababu: fedha ya madini ikiingia nchini kwa ghafula, thamani ya sarafu hupanda, na mazao ya mkulima hukosa soko ng'ambo, tena mtawala apataye mapato yake shimoni hana haja ya kuwabembeleza raia wamlipe kodi, basi hana haja ya kuwasikiliza pia. Sababu hizi zina uzito, wala sizibezi. Walakini neno liliposafiri kuja kwetu liliziacha sababu zake nyuma, likafika peke yake.

Likafika katika lugha ambayo tayari ina laana yake, yenye maana kamili. Kwa Kiswahili laana haizuki tu. Hutoka kwa mzazi aliyevunjiwa heshima au kwa Mola aliyeasiwa. Yuko mwenye kulaani, yuko mwenye kulaaniwa, na katikati yao pana kosa. Aidha, ina dawa, nayo ni kuomba radhi. Basi anayesema kwamba Kongo imelaaniwa amesema, apende asipende, kwamba Wakongo wamemkosea mtu, na kwamba kilichobaki ni wapige magoti. Wamemkosea nani? Kijana wa Kolwezi ateremkaye kwa kamba katika shimo jembamba, bila nguzo wala kofia ya chuma, ili apandishe gunia la mawe yenye kobalti na kuliuza kwa mchuuzi ambaye mizani ni yake na kipimo cha ubora ni chake, alimvunjia heshima mzazi gani? Hatutamwambia mtu huyo uso kwa uso kwamba amelaaniwa. Twaliandika neno hili kwa sababu hatuandiki akituona.

Tuyatazame sasa mambo yenyewe. Karne nyingi kabla ya Mzungu kufika, wafuaji wa Katanga walichimba shaba, wakaiyeyusha katika tanuri za udongo, wakaimimina katika kalibu za umbo la msalaba. Misalaba hiyo ilikuwa fedha. Ilinunua bidhaa, ililipa mahari, na wachimbuaji wa mambo ya kale wameikuta makaburini katika bonde la Upemba, imewekwa pamoja na maiti waliokuwa na hadhi. Shaba ile ndiyo shaba hii. Ikiwa laana imo katika madini, ilikuwa imelala wapi katika karne zote hizo?

Iliamka, kama iliamka, pale hati zilipoletwa ili zitiwe alama. Mtawala mwenye nguvu wa Katanga katika nusu ya pili ya karne ya 19 alikuwa Msiri, mtoto wa mfanyabiashara wa shaba kutoka Unyamwezi, ambaye mji wake ulikuwa Bunkeya. Mwaka wa 1890 Alfred Sharpe, akitumikia matakwa ya kampuni ya Cecil Rhodes, alimfikia na mkataba mkononi. Msiri alikwisha kuonywa na mmisionari Frederick Arnot asitie alama katika karatasi ambayo hakufasiriwa. Akakataa, na Sharpe akarudi mikono mitupu. Mwaka uliofuata ulikuja msafara wa Kapteni William Stairs, uliotumwa kwa niaba ya Mfalme Leopold wa Ubelgiji. Tarehe 20 Desemba 1891 Kapteni Bodson wa msafara huo alimpiga Msiri risasi akamwua, na yeye mwenyewe akapigwa risasi iliyomwua. Mwana wa Msiri, aliyerithishwa kiti na wageni hao, akatia alama.

Msafara ule, tusisahau, ulifungwa Zanzibar na Bagamoyo, na mizigo yake ilichukuliwa na wapagazi wa pwani yetu. Sisi Waswahili hatukuwa watazamaji katika habari hii hata tangu siku ya kwanza. Nasema hivi kwa sababu wako miongoni mwetu wanaoizungumza Kongo kana kwamba ni sayari nyingine.

Kampuni ya Union Minière du Haut-Katanga iliundwa mwaka wa 1906, na kwa miaka sitini ilikuwa dola ndani ya dola: ilikuwa na shule, hospitali, nyumba za wafanyakazi, na urani ya Shinkolobwe iliyokwenda Marekani ikatumika katika bomu la Hiroshima mwaka wa 1945. Sitaki kukaa sana hapo, maana mambo ya ukoloni yameandikwa na wengi. Nataka nikae katika mwaka wa 1960, kwa sababu mwaka huo una fundisho ambalo halisomwi.

Miezi ya Aprili na Mei mwaka huo uliitishwa mjini Brussels mkutano wa meza ya duara juu ya uchumi wa nchi iliyokuwa ikikaribia uhuru. Viongozi wakubwa wa vyama vya Kongo walikuwa kwao wakitafuta kura. Waliopelekwa mezani kwa sehemu kubwa walikuwa vijana wanafunzi waliokuwa wakisoma Ubelgiji, pamoja na mwandishi wa magazeti aliyekuja kujulikana sana baadaye, Joseph Mobutu. Mbele yao walikaa wanasheria na wakuu wa benki waliozijua kampuni zile kama mtu ajuavyo vyumba vya nyumba yake. Wanafunzi wanaosoma ukurasa huu na wajiweke katika viti vile. Umri wao ni huo huo, na elimu yao haikupungua sana ile ya leo. Kilichopungua ni kwamba hakuna aliyepata kuwafundisha kusoma daftari la hisa.

Ikafika Juni. Majuma machache kabla ya bendera kupandishwa, sheria ya Ubelgiji iliziruhusu kampuni za Kongo kuhamisha makao yao makuu kwenda Ubelgiji, nazo zikahama. Katika mwezi huo huo chombo kilichoitwa Comité Spécial du Katanga, kilichoundwa mwaka wa 1900, ambacho kwa hisa zake dola ilikuwa na sauti kubwa katika Union Minière, kilivunjwa, na hisa zake zikagawanywa kwa namna iliyoinyima serikali mpya wingi wa kura. Tarehe 30 Juni watu wakacheza ngoma. Tarehe 11 Julai Moïse Tshombe akatangaza kwamba Katanga imejitenga, na Union Minière ikampelekea yeye kodi iliyokuwa haki ya serikali kuu. Tarehe 17 Januari 1961 Patrice Lumumba aliuawa karibu na Elisabethville, mji ambao sasa waitwa Lubumbashi. Katika mfululizo huo sioni mahali pa kulitia neno laana. Naona sheria, naona mgawanyo wa hisa, naona kodi iliyogeuzwa njia, na kila kimoja kina siku yake na mkono wake.

Wapinzani wangu watasema: mwaka wa 1967 Wakongo wenyewe waliitwaa kampuni ile, ikawa ya taifa, ikaitwa baadaye Gécamines, mbona hawakutajirika? Swali ni zuri, na jibu lake limo katika hati nyingine. Mgodi ulitwaliwa, lakini kusafisha shaba na kuiuza kuliachwa kwa mkataba mikononi mwa Société Générale des Minerais, nyumba ya ukoo ule ule wa Union Minière. Mwenye shamba alirudishiwa shamba, na funguo za ghala na mizani ya sokoni zikabaki kwa aliyeondolewa. Serikali haikuunda kampuni yake ya kuuza madini, Sozacom, hata mwaka wa 1974, na kampuni hiyo nayo ikageuka kuwa kisima cha kutekea wakubwa.

Hapa sitaki kudhaniwa kwamba natetea watawala wa Kinshasa. Hasha. Mkataba una pande mbili, na sahihi ya Mwafrika iko pale pale chini ya karatasi pamoja na ya mgeni. Ushahidi ulio wazi kuliko wote umesimama nchini hata leo kwa milingoti ya chuma. Bwawa la Inga liko karibu na mlango wa Mto Kongo, na machimbo yako Katanga, upande wa pili wa nchi. Katika miaka ya 1970 serikali ya Mobutu ilikopa ng'ambo ili inyoshe waya wa umeme wa kilomita zipatazo 1,700 kutoka Inga mpaka machimboni. Umeme unaopita humo ni wa namna ambayo haiwezi kushushwa njiani pasipo mitambo ya gharama kubwa, na mitambo hiyo haikujengwa. Vijiji vilivyo chini ya waya vikabaki na vibatari vyao, huku deni la waya likiandikwa kwa jina la wakazi wake pamoja na raia wengine wote. Wahandisi walijua. Wakopeshaji walijua. Rais, ambaye alitaka Katanga ifungwe kwa Kinshasa isijitenge tena, alijua kuliko wote. Sasa mtu aniambie: aliyewanyima taa watu wale ni shaba, au ni mchoro uliopitishwa ofisini?

Gécamines yenyewe ilitoa karibu tani 470,000 za shaba kwa mwaka katikati ya miaka ya 1980. Mwaka wa 1994 haikutimiza tani 40,000. Fedha zake zilichotwa bila kurudishwa kitu cha kutengeneza mitambo, na mwaka wa 1990 mgodi wa Kamoto uliporomoka. Zaidi ya wafanyakazi 10,000 waliachishwa kazi kuanzia mwaka wa 2003 kwa malipo yaliyogharimiwa na Benki ya Dunia, na wengi wao, pamoja na watoto wao, ndio waliokwenda kuchimba kwa mikono. Mjini Kolwezi, katika mtaa wa Kasulo, watu walifika hata kuchimba ndani ya nyumba zao wenyewe, wakitoboa sakafu.

Ndipo likaja soko la pili, ambalo bidhaa yake ilikuwa haki za kuchimba. Mwaka wa 2013 jopo lililoongozwa na Kofi Annan lilichunguza mauzo matano ya mali ya migodi yaliyofanywa kati ya mwaka wa 2010 na 2012, likakadiria kwamba nchi ilipoteza dola bilioni 1.36 kwa kuuza chini ya thamani. Fedha hizo zilikaribia mara mbili ya bajeti za afya na elimu za nchi hiyo zikijumlishwa kwa mwaka wa 2012. Mwaka wa 2016 kampuni ya Marekani, Freeport-McMoRan, iliuza sehemu yake katika mgodi wa Tenke Fungurume kwa kampuni ya China kwa dola bilioni 2.65. Kilichouzwa, kwa kauli ya sheria, hakikuwa mgodi wa Katanga. Zilikuwa hisa za kampuni iliyoandikishwa Bermuda, kisiwa cha mbali katika Bahari ya Atlantiki. Gécamines, mbia mwenye asilimia 20, ikajikuta ikipinga biashara iliyofungwa nje ya mipaka yake juu ya udongo ulio ndani ya mipaka yake, ikaishia kupata makombo ya suluhu. Na mwaka wa 2022 kampuni ya Glencore, iliyokwisha kukiri mbele ya mahakama ya Marekani kwamba ilitoa hongo katika nchi kadhaa, Kongo ikiwamo, ilikubali kuilipa Kongo dola milioni 180. Laana hailipi fidia, wala haikiri kosa mahakamani.

Wako watakaosema kwamba nimechagua nchi moja yenye balaa nyingi. Haya, tuitazame Botswana. Almasi za Orapa ziligunduliwa mwaka wa 1967, mwaka mmoja baada ya uhuru, katika nchi iliyohesabiwa kuwa miongoni mwa maskini kupita zote duniani. Serikali ilirudi mezani na De Beers, na kufika mwaka wa 1975 ilikuwa na nusu ya kampuni ya uchimbaji. Ikarudi tena na tena kila hati ilipokaribia mwisho, hata mwaka wa 2013 mauzo ya almasi ya De Beers yenyewe yakahamishwa kutoka London kwenda Gaborone. Najua Botswana ina watu wachache, na najua kwamba kushuka kwa soko la almasi katika miaka hii kumeitia katika dhiki. Hata hivyo ile ni dhiki ya muuza bidhaa moja, ambayo kila mkulima wa karafuu au mkonge anaifahamu bila kumtafuta mganga.

Kongo yenyewe imekwisha kutoa ushahidi dhidi ya laana. Mwaka wa 2018 ilirekebisha sheria yake ya madini ya mwaka wa 2002. Wakuu wa kampuni kubwa walipanda ndege kwenda Kinshasa kumsihi Rais Joseph Kabila asitie sahihi. Akatia, na mrabaha wa kobalti, ilipotangazwa kuwa madini ya mkakati, ukawa asilimia 10. Februari 2025 serikali ikasimamisha usafirishaji wa kobalti, kwa kuwa bei ilikuwa imeanguka vibaya. Oktoba ya mwaka huo ikaweka mgawo, na kwa mwaka wa 2026 na wa 2027 kiasi kilichoruhusiwa kutoka ni tani 96,600 kwa mwaka. Kabla ya mwaka wa 2025 kwisha bei ilikuwa imepanda zaidi ya maradufu. Nchi itoayo karibu robo tatu ya kobalti ya dunia iligundua kwamba ina mkono. Kama faida ya bei hiyo itamfikia mchimbaji wa Kolwezi ni jambo jingine, tena zito, lakini ni jambo la kuandikwa katika kanuni na kudaiwa.

Sasa nageukia nyumba yetu, maana polemiki isiyogusa nyumba ya mwandishi ni masengenyo. Mwaka wa 2017, serikali ya Tanzania ilipozuia mchanga wa dhahabu na shaba usisafirishwe, neno makinikia lilitoka vitabuni likaingia vijiweni kwa siku chache. Wauza kahawa walibishana juu ya mrabaha. Jambo lililokuwa la wanasheria likawa la watu kwa kuwa lilipata jina katika lugha yao. Mengine yaliyofuata, na masharti ya suluhu iliyofikiwa na Barrick, watu waliyajua kwa vipande tu, kwa sababu yaliandikwa katika lugha nyingine.

Na Katanga hali ni hiyo hiyo kwa ukubwa zaidi. Kiswahili ni moja ya lugha nne za taifa zilizotajwa katika katiba ya Kongo ya mwaka wa 2006. Ni lugha ya mchimbaji, ya mchuuzi, ya mama auzaye mihogo langoni mwa mgodi, na ya dereva wa lori apitaye Kasumbalesa na Tunduma akishusha shaba bandari ya Dar es Salaam. Amri ya serikali ya mwaka wa 2011 ilitaka mikataba ya madini itangazwe ndani ya siku 60, na mingi imetangazwa, katika Kifaransa cha mawakili. Mkataba uliotangazwa namna hiyo umetangazwa kwa wale waliokwisha kuujua. Mwaka wa 1890 Msiri alikuwa na mtu wa kumwonya kwamba hati hufasiriwa kabla ya kutiwa alama. Wenyeji wa Kolwezi hawanaye, na idara zetu za Kiswahili, zilizojaa watu wenye shahada za tafsiri, zinafasiri riwaya. Sina ugomvi na riwaya. Lakini mwaka wa 2024, ambapo nchi ile ilitoa zaidi ya tani milioni 3 za shaba, Benki ya Dunia ilikadiria kwamba karibu watu watatu katika kila wanne waliishi kwa chini ya dola 2.15 kwa siku. Kama Kiswahili ni lugha ya elimu, kama tunavyohubiri katika makongamano yetu, basi kina dhima mbele ya hesabu hiyo.

Kazi yenyewe yaweza kuanzwa mwaka huu na wanafunzi kumi, watano Lubumbashi na watano Dar es Salaam, wakiwa na mwanasheria mmoja wa kuwasahihisha. Waanze na mkataba wa Sicomines wa mwaka wa 2008, ambao uliwapa Wachina asilimia 68 ya mgodi na kuiahidi Kongo barabara na hospitali za dola bilioni 3, ambazo wakaguzi wa serikali mwaka wa 2023 walizikuta zimetumika dola milioni 822 tu. Kisha waichukue nyongeza iliyotiwa sahihi Machi 2024, yenye ahadi ya dola bilioni 7. Ndani yake mna sharti kwamba fedha za kila mwaka za barabara zitategemea bei ya shaba katika soko la dunia, na kwamba bei ikishuka chini ya kiwango kilichotajwa, malipo nayo hupungua. Kifungu hicho kifasiriwe kwanza, kibandikwe katika soko la Kolwezi, na wauzaji wa hapo, ambao habari za bei kushuka hawahitaji kufundishwa na mtu, wakisome.